Ugonjwa wa kutikisika uko kwenye ukoo: uanze na kipimo kipi cha vinasaba?

Ukimwambia mtu Dar es Salaam kwamba unakwenda kupima DNA, swali la kwanza atakalokuuliza ni mtoto wa nani. Ndicho kipimo kinachojulikana mjini: wawili wamegombana, wanapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, jibu linatoka, mmoja ananuna. Hapa nazungumzia DNA ya namna nyingine, ile ya familia ambayo babu alikuwa akitikisika, shangazi akafuata, na sasa kaka mkubwa ameanza kuangusha vikombe na kutembea kama mlevi ilhali hanywi. Daktari wa mishipa ya fahamu amemwangalia, amesema hii inaonekana ya kurithi, na familia imetoka na majina ya vipimo vitatu au vinne. Bei zinapishana sana. Sampuli huenda ikasafirishwa nje ya nchi na jibu likachukua wiki nyingi. Uchague kipi?

Wenye uwezo mara nyingi hukimbilia kile kikubwa na cha ghali kuliko vyote, kwa hesabu kwamba kinachosoma jeni zote hakiwezi kuacha kitu. Niseme mapema: kwa magonjwa haya hesabu hiyo inaweza kula hela zako bure. Kipimo kikubwa kinaweza kupita juu ya ugonjwa uliopo na kuandika kwamba hakuna kilichoonekana, wakati kidogo cha jeni moja kingeukamata.

Vipimo vyenyewe

Njia ya kwanza haina DNA kabisa: damu, mkojo, macho, na wakati mwingine dawa ya kujaribu. Ya pili ni kipimo cha jeni moja, ambapo maabara inaulizwa swali moja tu. Ya tatu ni paneli, yaani jeni kadhaa, pengine kumi, pengine zaidi ya mia, zilizokusanywa pamoja kwa kuwa zote huleta dalili zinazofanana. Ya nne ni kusoma eksomu: zile sehemu za DNA zenye maelekezo ya kutengeneza protini katika jeni zetu zipatazo 20,000. Sehemu hizo zote zikijumlishwa ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya DNA. Kaka yake eksomu ni jenomu nzima, inayosoma karibu kila kitu na kugharimu zaidi.

Kwa karatasi, ya nne inaonekana imezimeza nyingine zote. Kinachoiangusha ni aina ya hitilafu inayosababisha mengi ya magonjwa haya.

Herufi zinazojirudia

Chukua ugonjwa wa Huntington, ule wa viungo kuchezacheza bila mtu kutaka na akili kuvurugika. Kwenye kromosomu ya 4 kuna jeni iitwayo HTT, na karibu na mwanzo wake herufi tatu za DNA, C, A na G, zinajirudia: CAG CAG CAG. Kila binadamu anazo. Mwenye marudio 26 au pungufu hana tatizo. Mwenye 27 hadi 35 haugui, ila namba inaweza kupanda ikimfikia mtoto wake. Mwenye 36 hadi 39 anaweza kuugua au akazeeka salama. Kuanzia 40, mtu akijaliwa umri wa kutosha, ataugua. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993, miaka kumi baada ya watafiti kujua iko kwenye kromosomu gani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitokana na damu iliyotolewa na koo za wavuvi wa kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako ugonjwa huu uko kwa wingi usio wa kawaida.

Sasa angalia mashine inavyofanya. Kusoma eksomu kwa kawaida kunafanywa kwa vipande vifupi, kila kimoja herufi 100 hadi 150 hivi, kisha kompyuta inavipanga mahali pake. Marudio 44 ya CAG peke yake ni herufi 132. Kipande kizima kinaweza kuwa CAG tupu toka mwanzo hadi mwisho, na kompyuta haina namna ya kujua kikae wapi wala vimeachana kwa kiasi gani. Ni kama kupewa mkufu mrefu wa shanga za rangi moja uhesabu shanga zake huku unaoneshwa kumi kumi: utajua ni nyekundu, hutajua ni ngapi. Na hapa ugonjwa wote uko kwenye ngapi.

Huntington si pekee. Ataksia nyingi za kurithi zinazowapa watu wazima mwendo wa kupepesuka, zile zinazotajwa kwa kifupi cha SCA na namba, ni za marudio pia: SCA1, SCA2, SCA3, SCA6, SCA7. Ataksia ya Friedreich, inayoanza zaidi utotoni au katika ujana, marudio yake ni ya GAA, na yamekaa katika sehemu ya jeni ambayo eksomu haiigusi kabisa. Mtu mwenye Friedreich anaweza kusomewa eksomu mara tatu katika nchi tatu na akaambiwa yuko safi.

Jenomu nzima inaanza kuziba pengo hili. Zipo programu zinazokadiria urefu wa marudio, na mashine za vipande virefu zinayasoma vizuri zaidi. Lakini maabara iwe imeziendesha kweli programu hizo, na namba ikionekana kubwa, mara nyingi bado itathibitishwa kwa kipimo cha jeni moja. Yaani umelipa njia ndefu ili urudishwe kwenye ile fupi.

Kabla ya DNA yoyote

Hapa ndipo ningeweka hela ya kwanza, na hapa ndipo familia zinaporuka haraka kuliko kwingine, labda kwa sababu vipimo vyake havina jina kubwa.

Ugonjwa wa Wilson ni wa kurithi, unatikisa mikono, unavuruga usemi, unapinda viungo, na una dawa. Hitilafu iko kwenye jeni ya ATP7B, katika kromosomu ya 13. Kazi ya jeni hiyo ni kulisaidia ini kutoa madini ya shaba yaliyozidi. Ikishindwa, shaba inalundikana kwenye ini, kisha kwenye ubongo na pembezoni mwa mboni ya jicho, ambako daktari wa macho mwenye kifaa kinachofaa huona duara la rangi ya kahawia au kijani. Wagonjwa wengi huanza dalili wakiwa watoto au vijana, na si ajabu mtu akawa ameshahangaika na ini, akidhaniwa ana homa ya ini au pombe, kabla mkono haujaanza kutetemeka. Vipimo vya kuanzia ni protini ya seruloplasmini kwenye damu, shaba kwenye mkojo uliokusanywa saa 24, na macho. Dawa zipo: penisilamini, trientini, zinki. Zinatumiwa maisha yote, na zikianza mapema mtu anaendelea na shughuli zake. Kijana yeyote mwenye mtikisiko au kujipinda asiyeeleweka apimwe Wilson kabla hajaingia gharama ya paneli. DNA ya ATP7B inakuja baadaye, hasa kwa kuwasaka ndugu ambao bado hawajaugua, maana kila mdogo au mkubwa wa mgonjwa, tumbo moja baba mmoja, ana uwezekano wa 1 kati ya 4.

Wa pili ni distonia, yaani viungo kujipinda vyenyewe, ile inayotibika kwa levodopa. Mtoto, mara nyingi wa kike, anaanza kukanyaga kwa vidole, mguu unajipinda kwa ndani. Asubuhi yuko vizuri, anakwenda shule mwenyewe. Jioni anaburuta mguu au anabebwa. Akilala, kesho yake yuko vizuri tena. Daktari Segawa wa Japani alieleza mtindo huu miaka ya 1970, na mwaka 1994 ikajulikana kwamba wengi wao wana hitilafu kwenye jeni ya GCH1, inayohusika na kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo. Watoto wa aina hii wamewahi kuitwa wenye mtindio wa ubongo kwa miaka. Dozi ndogo ya levodopa, dawa ileile ya Parkinson, inaweza kumwinua ndani ya siku au wiki chache. Kujaribu dawa hiyo chini ya uangalizi wa daktari kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na eksomu, na jibu lake unaliona likitembea uani.

Kuna pia yale yasiyo ya kurithi yanayojifanya ya kurithi. Mtoto wa miaka minane au tisa aliyeanza ghafla kurusharusha mikono na kukunja uso hapa Dar, uwezekano mkubwa zaidi si Huntington. Mara nyingi ni matokeo ya maambukizi ya koo yaliyopita, yaleyale yanayoharibu vali za moyo, na anachohitaji ni penisilini ya kinga na kipimo cha moyo, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au popote wanapopima. Mtu mzima anayechezesha midomo na ulimi bila kukoma aulizwe kwanza dawa alizotumia: haloperidoli ya wagonjwa wa akili na metoklopramidi ya kuzuia kutapika zote zinaweza kufanya hivyo. Kuna vitamini E pia. Upungufu wake, mwingine wa kurithi, unaleta kupepesuka kunakofanana sana na Friedreich, na tiba yake ni vitamini E yenyewe kwa dozi kubwa.

Karatasi ya ukoo

Kipimo kinachofuata ni cha bure. Chora ukoo: nani alizaa nani, nani alitikisika, alianza na umri gani, alikufa na nini.

Kama ugonjwa unapita kizazi hadi kizazi, baba, mtoto, mjukuu, wanaume na wanawake bila kuchagua, nakala moja mbovu ya jeni, kati ya mbili alizonazo kila mtu, inatosha kuugua, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Huntington na zile SCA ziko hapa. Kama wazazi ni wazima na watoto wawili kati ya watano wa tumbo moja wanaumwa, fikiria ugonjwa unaohitaji nakala mbili mbovu. Watanzania hawahitaji kufundishwa upya hili. Ni mtindo wa selimundu, baba AS, mama AS, mtoto SS. Wilson na Friedreich wako huku, na ndoa za mabinamu zinauongezea nafasi.

Tatizo ni kwamba ukoo haujiandiki vizuri. Kijana anakwenda Mbagala kumuuliza shangazi yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Babu mzaa baba, yeye alikuwa na ugonjwa huu?"

"Babu yenu? Hapana. Yule alikuwa na ulevi tu. Njia nzima anayumba."

"Alikuwa anakunywa nini?"

Shangazi anafikiri. "Kunywa sijamwona. Alikuwa mtu wa swala tano."

Mazungumzo kama hayo yana thamani kuliko paneli ya jeni mia. Uliza kuhusu mlevi ambaye hakuna aliyemwona na chupa, kuhusu aliyeachwa na mkewe kwa ukali uliomzukia akiwa na miaka arobaini, kuhusu aliyejiua, kuhusu mtoto aliyedhoofika na kufa kabla ya baba yake. Huntington huanza na hasira, huzuni na kusahau mara nyingi tu kabla mikono haijacheza, na idadi ya marudio inapopitia kwa baba inaweza kupanda kiasi kwamba mtoto anaugua mapema kuliko yeye. Familia nyingi zitakuwa zimeshapita kwa mganga. Silaumu, ila naona historia ya ukoo anayoichukua mganga huwa ndefu kuliko tunayoiandika hospitali.

Mwendo ndio unaochagua kipimo

Ukishakuwa na karatasi hiyo, linganisha kwa aina ya mwendo.

Viungo vinarukaruka na kuchezacheza kama mtu anayecheza ngoma asiyoisikia mwingine, na ugonjwa unashuka kwa vizazi: kipimo cha jeni moja, na kwa Mwafrika kiwe cha jeni mbili. Ya kwanza HTT. Ya pili ni JPH3, katika kromosomu ya 16, iliyotambuliwa mwaka 2001. Ugonjwa wake unaitwa mfanano wa Huntington wa pili, na kweli umefanana: umri uleule, ukali uleule, kurithiwa kulekule. Tofauti ni kwamba karibu wagonjwa wote waliopatikana duniani wana asili ya Afrika, na Afrika Kusini umeonekana kuwa sehemu kubwa ya Waafrika weusi wenye dalili za Huntington. Maabara ya Ulaya ukiiambia "Huntington", itapima HTT, itaona kawaida, itafunga faili. Hapo mgonjwa wa Temeke anaambiwa hana ugonjwa wa kurithi, na watoto wake wanapumua kwa jibu la swali ambalo halikuulizwa. Kwa uzito wa jambo hili, ningekataa kulipia HTT peke yake pale ambapo JPH3 inaweza kuongezwa kwenye sampuli hiyohiyo.

Mtu mzima anapepesuka, usemi unaburutika, macho yanarukaruka: paneli, lakini paneli ya marudio, si paneli ya kusoma herufi. Majina yanafanana kwenye orodha ya bei na yanachanganya hata madaktari. SCA3 ndiyo inayotajwa kuwa nyingi kuliko zote duniani. Ikiwa mgonjwa anapoteza pia uwezo wa kuona, hasa kutofautisha rangi, anza na SCA7, inayoharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ambayo inajulikana kusini mwa Afrika kwa kizazi kilichotoka kwa babu mmoja wa zamani. SCA7 ina ukatili wake: marudio yanaweza kupanda ghafla kiasi kwamba mtoto anaugua kabla mzazi hajajua kuwa anaubeba.

Mguu, mkono au shingo vinajipinda na kukaa hivyo: hapa mambo yanageuka, na paneli ya kawaida au eksomu inafanya kazi vizuri. GCH1 nimeshaitaja. Jeni ya TOR1A, kwenye kromosomu ya 9, hitilafu yake ni herufi tatu tu zilizopungua, GAG, na cha ajabu ni kwamba takriban asilimia 30 tu ya wanaoirithi ndio wanaougua, ndiyo maana kwenye karatasi ya ukoo ugonjwa unaonekana umeruka. Wilson pia anasomeka vizuri kwa njia hii. Hitilafu zinazojulikana kwenye ATP7B ni mamia, kwa hiyo kutafuta moja au mbili hakusaidii, inasomwa jeni nzima.

Mikono inatetemeka tu: hapa ushauri wangu ni kuifunga pochi. Kutetemeka kunakotokea mtu anaposhika kikombe au kuandika, kuliko kwa baba na babu pia, na hakuna kingine, mara nyingi ni ule mtetemo wa kawaida wa kifamilia. Unarithiwa kweli, lakini hakuna jeni moja ya kuupima kwa uhakika, na dawa kama propranololi haingoji DNA. Parkinson nayo kwa wengi si ya jeni moja. Pale inapoanza kabla ya miaka 40, jeni ya PRKN inastahili kutazamwa, na maabara ihakikishe inatafuta vipande vilivyofutika, si herufi zilizobadilika peke yake. Jeni ya LRRK2, inayotangazwa sana, ni chanzo kikubwa kwa Waberiberi wa Afrika Kaskazini na kwa Wayahudi wa Ashkenazi. Kwa Mwafrika mweusi hitilafu yake maarufu ni adimu. Mwaka 2023 watafiti, wakianzia na wagonjwa wengi wa Nigeria, walitangaza badiliko ndani ya jeni ya GBA1 linaloongeza uwezekano wa Parkinson kwa watu wa asili ya Afrika, badiliko ambalo halikuwa limeonekana kwa Wazungu na ambalo liko nje ya sehemu zinazoandika protini. Ni habari kubwa kwa sayansi. Kwa mzee wa Kigamboni anayetetemeka leo haibadilishi dawa yake. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, nyumba kwa nyumba, ulikuta wenye Parkinson wengi hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini wala kupewa levodopa. Pengo letu kubwa liko pale.

Maswali ya kupeleka maabara

Muhimbili na hospitali kubwa binafsi za mjini zitakuandikia kipimo, ila swali la nani anakifanya na wapi ni lako kuuliza. Uliza: mnahesabu marudio au mnasoma herufi tu? JPH3 imo? Jibu litaandika namba? Jibu zuri la Huntington linaonekana hivi: "HTT, marudio ya CAG: 17 na 44." Namba mbili, kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hapo 17 ni nzima, 44 ndiyo ugonjwa, na kila mtoto atapewa mojawapo. Karatasi iliyoandikwa "chanya" peke yake irudishe. Mtu mwenye 37 na mwenye 60 hawana maisha yanayofanana.

Uliza pia kibali. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na mwenye kuisimamia ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayechukua mate yako kwenye kichupa sebuleni na kuahidi kuyapeleka India kwa mkoba wake ana maelezo ya kutoa.

Kwa eksomu na jenomu kuna jambo la ziada: jibu la "badiliko lisilojulikana maana yake". Maabara inalinganisha DNA yako na hazina za data ambazo kwa sehemu kubwa zimejengwa na watu wa asili ya Ulaya. DNA ya Afrika ina utofauti mwingi zaidi, kwa hiyo kitu cha kawaida kabisa kwa Wazaramo kinaweza kuonekana kigeni kwenye kompyuta yao. Si chanya, si hasi. Usiolewe wala kuachika kwa ajili yake. Njia ya kupunguza utata ni kumpima mgonjwa pamoja na baba na mama, na hapo ndipo ile DNA ya mwanzo, ya mtoto wa nani, inarudi kwa mlango wa nyuma. Kipimo cha watu watatu kinaweza kuonesha kwamba baba si baba. Mkubaliane na daktari kabla damu haijatolewa: hilo likionekana, nani aambiwe, au asiambiwe mtu.

Mgonjwa na mzima si kipimo kimoja

Kumpima anayeumwa ni kutafuta jina la ugonjwa. Kumpima mzima ambaye mzazi wake ana Huntington ni jambo jingine, hata kama kichupa ni kilekile. Mpaka sasa hakuna dawa inayouzuia Huntington usianze. Zilizopo zinatuliza viungo na akili. Utaratibu unaofuatwa kimataifa ni kuzungumza na mshauri kwanza, kupewa muda, kuwa huru kughairi hata siku ya kupokea jibu, na kutowapima watoto chini ya miaka 18 wasio na dalili. Hata nchi ambazo kipimo kipo kila mkoa, walio wengi kati ya wenye uwezekano wa nusu kwa nusu wanachagua kutopima. Mchumba asilazimishe, mama mkwe asilazimishe. Na mjukuu akitaka kujua wakati mama yake hataki, wakae kwanza, kwa sababu jibu chanya la mjukuu limeshamjibu mama.

Wilson ni kinyume cha haya yote: ndugu mzima wa mgonjwa apimwe, mtoto apimwe, kesho asubuhi ikiwezekana, kwa kuwa dawa ikitangulia ugonjwa hauji.

Kwa mengine, wa kupimwa kwanza ni mwenye dalili zilizo wazi, hata akiwa mzee, hata kama familia inasema yeye ameshaishi yake, tuwapime vijana. Kijana mzima akipimwa wa kwanza na asikutwe na kitu, hamjui kama hakurithi au kama kilichopimwa siyo jeni yenu. Baba mkubwa akishajulikana ana JPH3, basi vijana wanaotaka watapimwa kitu kimoja tu, kwa bei ndogo, na jibu lao litakuwa ndiyo au hapana. Kama hali yake inadidimia na hela bado haijakamilika, mwombe daktari kama hospitali inaweza kutoa DNA kwenye damu yake na kuihifadhi kwa idhini yake, kipimo chenyewe mkalipie baadaye.